Saruji Chini ya Nyumba ya Kale

Wahenga walinena: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Lakini hawakusema ufa uzibwe kwa kitu gani.

Huko Bumbuli, katika milima ya Usambara, wamisionari wa Kiprotestanti kutoka Ujerumani walifungua kituo mwaka 1899. Kabla yao Washambaa walijenga kwa miti, udongo na majani, vitu ambavyo hurejea ardhini bila kinyongo. Wageni walikuja na desturi ya kuta nene za mawe. Na penye mteremko, nyumba ya namna hiyo huweza kupata chumba cha chini, nusu yake imezama mlimani: ghala la viazi, kuni na zana.

Mwenye nyumba akishuka humo wakati wa masika, hukuta sakafu ya udongo imelowa na kuta zinatokwa jasho. Fikra ya kwanza ni zege. Saruji haiko mbali. Kiwanda cha Pongwe, karibu na Tanga, kilianzishwa mwaka 1980. Naye hujifanyia mwenyewe: ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto, maji ya kiasi, koleo na vijana wawili. Zege hunyweshwa maji siku saba, na siku ya 28 huhesabiwa kuwa limekomaa. Hujivunia mikono yake, na ana haki.

Kosa huanza anapoipandisha saruji ukutani. Ukuta ulioungwa kwa udongo au chokaa hupumua. Hunywa unyevu, kisha huutoa. Saruji, ambayo Joseph Aspdin wa Leeds aliipatia hataza mwaka 1824, ni ngumu na huziba. Maji yaliyonyimwa njia chini hutafuta njia juu, na miaka michache baadaye lipu ya sebuleni hubambuka.

Pwani inalijua somo hili. Mji Mkongwe wa Unguja, uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, umesimama kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti. Na mafundi wanaouhifadhi huirudia chokaa ileile.

Basi kwanza uchimbwe mfereji upande wa mlimani, maji yapate pa kwenda. Sakafu ilazwe juu ya mawe, pembeni iachwe nafasi ya kokoto, na ukuta upakwe chokaa. Ufa na uzibwe, ila kwa kitu kinachojuana na ukuta.