Kinyaga: mtoto alipodaiwa kwa ng'ombe

Rwanda ilipotoa sheria mpya ya watu na familia, ya Juni 26, 2024, watu walibishana sana juu ya ndoa ya miaka 18 kwa kibali na mgawanyo wa mali baada ya talaka. Swali la zamani zaidi lilipita kimyakimya: wazazi wakiachana, kijana wa miaka 14 aulizwe anataka kuishi na nani? Hapa Rusizi si swali dogo. Baba anaweza kuwa Bukavu, Kongo, na mama Kamembe upande huu, kila mmoja chini ya sheria ya nchi yake, katikati mto tu.

Wilaya hii ilikuwa sehemu ya mkoa wa Cyangugu hadi 2006. Wazee waliiita Kinyaga. Catharine Newbury, aliyewahoji watu wa huku mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuchapisha kitabu mwaka 1988, anatuonyesha eneo ambalo ukoo na ng'ombe vilibeba karibu kila uhusiano. Mtoto naye alikuwemo humo.

Mwanaume aliyetoa inkwano, yaani mahari, ukoo wake ulihesabu watoto kuwa wake. Mke akigombana na mumewe akarudi kwao, jambo liitwalo kwahukana, aliweza kuondoka na mtoto mchanga. Mtoto akishakua, baba alikuja kumdai. Hakuja mikono mitupu, maana wakwe nao walikuwa na dai lao: indezo, malipo ya malezi, mara nyingi ng'ombe. Hapo ugomvi uliwaka. Upande wa mama ulihesabu miaka ya maziwa na usiku wa homa. Upande wa baba ukakumbusha mahari ambayo haijarudishwa. Wazee waliketi na kibuyu cha urwagwa, pombe ya ndizi, wakapima ng'ombe kwa ng'ombe, kama ni mtamba au dume, kama deni la zamani limefutwa. Mhusika mwenyewe, ambaye pengine tayari alikuwa anachunga ndama wa babu yake, aliambiwa tu ashike njia ipi. Wapo wanaosifu mpango huo kwa kuwa hakuna mtoto aliyekosa ukoo. Ni kweli. Ila ukoo si sawa na kusikilizwa.

Wabelgiji waliacha mashauri hayo kwa mahakama za kimila. Kanuni ya familia ilitungwa Oktoba 1988, ikaanza kutumika 1992, na Rwanda ikawa imeridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991. Ibara yake ya 12 inataka mtoto asikilizwe kwa kadiri ya umri na ukomavu wake. Kisha yakaja mauaji ya kimbari ya 1994, na swali la nani amchukue mtoto likawa na maumivu mengine kabisa.

Sheria ya watoto ya 2001 ilimtambua mtoto kuwa na maoni. Ile ya familia ya 2016 ikasema aliye chini ya miaka sita abaki na mama, isipokuwa iwe hatari kwake. Kwa kijana haikuchora mstari kama huo. Aliachiwa busara ya hakimu. Ng'ambo ya Rusumo, Sheria ya Ndoa ya Tanzania ilikwisha kusema mwaka 1971 kwamba mahakama izingatie matakwa ya mtoto mwenye umri wa kuwa na maoni yake. Tumechelewa, na sioni sababu.

Indezo yenyewe bado ipo, sasa ni fedha ambazo mahakama humwamuru mzazi kutoa. Baadhi ya wanaolipa hujiona wamenunua na neno la mwisho.

Mahakimu wa Rusizi, mwiteni kijana faraghani, mbali na macho ya wazazi, na jibu lake liandikwe katika hukumu hata mkiamua kinyume chake. Nanyi wazazi, msimfundishe la kusema.