Ruhusa ya Mgonjwa wa Kifua Kikuu

Mwaka 1977 serikali ya Tanzania iliasisi mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma, na katika miaka ya 1980, kwa ushauri wa tabibu Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia, ukaenea utaratibu wa tiba ya miezi minane. Miezi miwili ya mwanzo mgonjwa, aghalabu akiwa amelazwa, alidungwa sindano ya streptomaisini kila siku na kumeza vidonge mbele ya macho ya muuguzi. Miezi sita iliyosalia aliimaliza nyumbani kwake, akienda zahanati kila mwezi kuchukua dawa.

Hatari ilikuwa katika hiyo miezi sita. Mtu aliyekwisha kunenepa na kuacha kukohoa haoni tena haja ya kidonge, na jamaa zake, ilhali shamba linangoja jembe, huwa wepesi kuafikiana naye. Katika Nyanda za Juu Kusini, ambako hospitali za misheni kama Tosamaganga ya Iringa na Isoko ya Ileje zilipokea watu wa vijiji vya mbali, na masika huko si mchezo, muuguzi hakuweza kumfuata kila aliyepewa ruhusa. Ilimlazimu basi kumkabidhi dhamana hiyo ndugu aliyekuja kuuguza: amsomee kadi na tarehe zake, amtajie zahanati iliyo karibu na kwao, amsisitize kwamba nafuu siyo kupona, na amtahadharishe juu ya thiasetazoni, mojawapo ya dawa hizo za nyumbani, iwezayo kuleta upele wa kuua, hasa kwa mwenye virusi vya UKIMWI.

Tahadhari hiyo haikuwa ya bure. Utafiti wa taifa wa 2007–08 uliikuta Iringa na maambukizi ya virusi hivyo ya asilimia 15.7 kwa watu wazima, kiwango kilichopita cha mikoa mingine yote. Na Mbeya nayo wakati huo ilikwisha kuwa na kikundi chake, KIHUMBE, cha kuwahudumia majumbani wagonjwa wa UKIMWI.

Shirika la Afya Duniani liliuchukua utaratibu wa Tanzania likauhimiza ulimwenguni kote, na sifa akapewa Styblo, nami simnyimi haki yake. Lakini mwaka 2006 mgonjwa alianza kupewa hiari ya kutibiwa nyumbani tangu siku ya kwanza, akisimamiwa na jamaa aliyemchagua mwenyewe, na jambo hilo, kwa rai yangu, lisingaliwezekana kama wauguzi wa wodini wasingalikuwa wamekwisha kuwafunza jamaa kazi hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini.