Super ya Kililana na kifuniko kilichoandikwa Premium

Leo tuache programu kidogo, ingawa mtaona sijaenda mbali.

Tangu gati la kwanza la Bandari ya Lamu lifunguliwe hapa Kililana tarehe 20 Mei 2021, magari yanakuja huku, na mengi ni mitumba ya Japani. Basi linaulizwa swali: kifuniko cha tangi kinasema Premium, kituo cha mafuta kina super tu. Injini itakufa? Tuanzie nyuma kidogo.

Petroli ikibanwa sana ndani ya silinda, sehemu yake huweza kulipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Hapo injini inagonga, kama mtu anapiga bati kwa nyundo ndogo, na ikiendelea hivyo pistoni huweza kutoboka. Mwaka 1921 Thomas Midgley na wenzake wa General Motors waligundua kuwa risasi kidogo ndani ya petroli huzuia kugonga huko. Mwaka 1926 Graham Edgar akaleta kipimo: isookteni ikapewa 100, hepteni ikapewa 0, na petroli yoyote hulinganishwa na mchanganyiko wa hizo mbili. Okteni basi inapima uvumilivu wa mafuta yakibanwa, nguvu haimo kwenye hesabu. (Hili wanaolipia mafuta ghali hawapendi kulisikia.)

Risasi ni sumu. Kenya iliiacha kufikia mwanzo wa 2006, na Algeria, nchi ya mwisho duniani, Julai 2021.

Sasa ndipo kompyuta inapoingia. Mwaka 1978 Buick waliuza gari la turbo lenye sensa inayosikiliza injini ikigonga, na Saab wakaendeleza wazo hilo miaka ya 1980. Mwandishi wa programu atalitambua mara moja: sensa inasikia, kompyuta inachelewesha moto wa plagi kwa nyuzi chache, kisha inasikiliza tena. Maelfu ya mara kwa safari moja. Gari linapungua nguvu na kunywa mafuta zaidi kidogo, lakini linajilinda.

Tuje kwenye namba. Japani, petroli ya kawaida ni okteni 89 kwenda juu, premium ni 96 kwenda juu. Kiwango cha chini cha super Kenya kwa miaka mingi kimekuwa 93. Kwa hiyo gari la Japani la mafuta ya kawaida limetosheka na zaidi; la Premium linapungukiwa 3. Na ukikuta 91 kwenye kitabu cha gari la Marekani usishangilie: wao huchukua wastani wa vipimo viwili, na 91 yao ni kama 95 au 96 yetu.

Soma kitabu cha gari. Kikisema premium "inapendekezwa", jaza super uende zako. Kikisema "lazima", hasa kwa turbo, mimi singelipakia mzigo na kulikimbiza kutoka Garsen mchana wa jua kali. Gari la zamani la kabureta kwa kawaida halina sikio. Fundi ndiye atakayelirudisha taimingi kwa mkono. Mashine za boti za mipigo miwili tulizozoea huku hazibani sana, hizo hazina shida na super.

Ukisikia mlio wa bati unapopanda mlima, legeza mguu na ushushe gia.