Msitu wa Jirani

Ndugu msomaji, mti wa msaji, ambao siku hizi wengi huuita mtiki, si mgeni kwetu. Tangu kale mafundi wa Oman na Ghuba walinunua mbao zake Malabar wakaundia majahazi yaliyotia nanga katika bandari zetu. Maana una mafuta ndani yake, hauozi upesi wala mchwa hauwezi. Leo natutazame nchi mbili jirani ambazo msaji ndio kwao, Burma na Siam, tuone kila moja iliutendeaje.

Waingereza walipotwaa Tenasserim, kusini mwa Burma, mwaka 1826, wafanyabiashara walikata ovyo hata misaji mizuri ikawa haba. Basi mwaka 1856 Mjerumani Dietrich Brandis akawekwa kusimamia misitu ya Pegu. Aliihesabu miti, akaagiza ukatwe ule tu uliotimia unene. Shina lake huchongwa kuzunguka, mti ukaachwa ukauke umesimama kwa miaka kama mitatu, kwani msaji mbichi huzama majini. Kisha tembo huuburura hadi mtoni, ukaelea mpaka Rangoon. Lakini usidhani ulikuwa wema mtupu. Mwaka 1885 serikali ya Mfalme Thibaw ilipoitoza faini kampuni ya Bombay Burmah kwa habari ya magogo, Waingereza waliifanya hiyo kuwa sababu ya vita. Mfalme akahamishiwa India na nchi yake ikatwaliwa.

Siam, yaani Thailand ya leo, haikutawaliwa. Hata hivyo misitu yake ya kaskazini ilikodishwa kwa makampuni ya Kizungu, na magogo yakateremshwa kwa mito hadi Bangkok. Mwaka 1896 ikaundwa Idara ya Misitu chini ya Mwingereza Herbert Slade, aliyetoka Burma. Kanuni zilikuwepo, ila pupa ya mbao na ya mashamba ilizishinda. Mwaka 1961 misitu ilifunika zaidi ya nusu ya nchi. Kufika 1988 ilikuwa imebaki zaidi kidogo ya robo. Novemba ya mwaka huo mvua kubwa ilinyesha kusini, matope na magogo yakaporomokea vijiji, na mamia ya watu wakafa. Januari 1989 serikali ikapiga marufuku ukataji katika misitu ya asili.

Ungedhani toba imetimia. Kumbe viwanda vya mbao bado vilikuwa na njaa! Makampuni ya Thailand yalivuka mpaka, yakapewa vibali na watawala wa kijeshi wa Burma waliohitaji fedha, na misitu ya jirani ikaanguka mahali pa ile iliyohifadhiwa. Vibali hivyo vilikomeshwa 1993, na mwaka 2014 Burma, sasa Myanmar, ikakataza kuuza nje magogo yasiyopasuliwa. Thailand nayo imejifunza kuuza mbao za miti ya mpira iliyopandwa na kuzeeka baada ya kugemwa.

Zingatia basi, msomaji. Aliyefunga mlango wake akaingia kwa jirani hajaacha kosa, amelihamisha tu. Nasi tunaponunua kitanda au mlango, tuulize mti wake umetoka wapi, na nani amebaki na kisiki. Mwenyezi Mungu atujaalie kuichunga amana, yetu na ya jirani.