Upasuaji wa kupunguza uzito

Upasuaji wa kupunguza uzito ni tiba ya unene uliokithiri inayopunguza ukubwa wa mfuko wa chakula au kubadili njia ya chakula kwenda kwenye utumbo. Nchini Tanzania hufanyika katika hospitali ya Muhimbili-Mloganzila, Dar es Salaam, ambako pia huwekwa puto tumboni. Puto si upasuaji, na huondolewa baada ya miezi kadhaa. Kwa mkazi wa Singida, takriban kilometa 700 hadi Dar es Salaam ni sehemu ya uamuzi, maana kliniki za ufuatiliaji huendelea kwa miaka.

Mwongozo wa kimataifa wa 2022 unapendekeza upasuaji kuanzia BMI (kipimo cha uzito kwa kulinganisha na urefu) ya 35, hata pasipo kisukari wala shinikizo la damu.

Wiki za mwanzo baada ya upasuaji mgonjwa hunywa tu: maji, maziwa, supu iliyochujwa. Hufuata vilivyopondwa, kisha vyakula laini. Ugali wa mtama hurudi mwishoni, tena kwa matonge machache yanayotafunwa polepole. Mlenda huteleza bila shida. Kuku wa kienyeji, fahari ya mkoa wa Singida, ni heri achemshwe kuliko kukaangwa kwa mafuta ya alizeti. Vidonge vya vitamini na madini humezwa maisha yote. Wanawake hushauriwa kuahirisha ujauzito kwa miezi 12 hadi 18.