Mfalme Edipode Aingiapo Afrika

Tamthilia ya Sophocles juu ya mfalme aliyemuua baba yake na kumwoa mama yake pasipo kujua ilitungwa Ugiriki katika karne ya 5 kabla ya Kristo. Wasomaji wa Kiswahili waliipata mwaka 1971, ilipotoka tafsiri ya S. S. Mushi iitwayo Mfalme Edipode. Mushi, ambaye alikwisha kuitafsiri Makbeth mwaka 1968, aliuacha mji wa Thebes mahali pake. Kilichohama ni lugha tu. Kazi ya namna hiyo twaihitaji, hasa mashuleni. Lakini wako watunzi waliothubutu kukihamisha kisa chenyewe.

Mwaka 1967 Mwitalia Pier Paolo Pasolini alikitia kisa hiki katika filamu. Sehemu kubwa aliipigia Moroko, ingawa filamu yaanzia na kuishia Italia ya karne ya 20. Kwa maoni yetu, Moroko humo ni mandhari tu. Shida za Wamoroko hazimo.

Ola Rotimi wa Nigeria alikwenda mbali zaidi. Tamthilia yake, The Gods Are Not to Blame, yaani miungu haina lawama, ilichezwa mara ya kwanza na kikundi cha Ori Olokun huko Ife mwaka 1968, ikachapishwa mwaka 1971. Edipode amekuwa Odewale, mfalme wa Kutuje katika nchi ya Wayoruba. Nyimbo na methali zimejaa humo, na mwenye kuagua ni kuhani wa Ifa. Hayo hata mtunzi wa kawaida angeyaweza. Jambo kubwa ni badiliko moja: sababu ya kuua. Kwa Sophocles, ugomvi wa njia panda ni wa kugombea njia. Kwa Rotimi, mzee mmoja amekuja kuvuna viazi vikuu katika shamba la Odewale, kisha akalitukana kabila lake. Tusi hilo ndilo lililoinua jembe.

Mwishoni Odewale akataa kuilaumu miungu. Ajilaumu mwenyewe kwa kushindwa kuvumilia tusi la kabila. Wako waliopinga: ikiwa Ifa ilitabiri mauaji hayo tangu mtoto alipozaliwa, yawezekanaje miungu isiwe na lawama? Ufa huo upo kweli, wala sisi hatuoni namna ya kuuziba. Hata hivyo twamwelewa Rotimi, ambaye baba yake alikuwa Myoruba na mama yake Mwijaw. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza Nigeria Julai 1967, vikaisha Januari 1970. Tamthilia ilichezwa vingali vikiwaka. Laiti angeyaachia majaliwa lawama yote, watazamaji wake wangalirudi majumbani wakiwa wamesamehewa.

Mwalimu aliye na vitabu vyote viwili na ayasome darasani mauaji ya njia panda kwanza, kabla ya kuwaambia wanafunzi yule mzee alikuwa nani.