Hewa ya Uhai na Nuru ya Macho

Chumvi hukoleza chakula, nayo ikizidi hukiharibu. Jambo hili kila mpishi hulijua, lakini kwa habari ya oksijeni matabibu walikawia kulijua, na gharama ya elimu hiyo ililipwa kwa macho ya watoto wachanga.

Oksijeni ni kama sehemu moja katika tano za hewa tuivutayo, na aikosaye hufa kwa muda wa dakika chache. Mtoto azaliwaye kabla ya miezi yake kutimia, aitwaye njiti, ana mapafu machanga na pumzi yake ni ya taabu. Kwa hiyo katika miaka ya 1940 hospitali kubwa za nchi tajiri zilizidi kuwalaza watoto hao katika viatamizi, yaani visanduku vyenye joto, vikatiwa oksijeni kwa wingi. Watoto waliokuwa wamegeuka rangi kwa kukosa pumzi walirudi rangi njema wakapumua kwa utulivu. Nani angedhani kuwa hewa hiyo ina madhara?

Mwaka 1942 Theodore Terry, tabibu wa macho wa mji wa Boston, Marekani, alitangaza habari ya watoto njiti walioota utando mweupe nyuma ya lenzi za macho yao. Watoto hao walikuwa vipofu. Baada ya miaka kumi hivi maradhi hayo yalikuwa sababu kubwa kuliko zote ya upofu wa watoto wadogo nchini Marekani, na waliopofuka duniani wakakadiriwa kufika 10,000. Ajabu ni kwamba yaliwaandama zaidi watoto waliotunzwa katika hospitali bora. Matabibu walishuku nuru ya taa, maziwa, madini ya chuma, vitamini na mambo mengine mengi.

Mwaka 1951 Kate Campbell, tabibu wa watoto wa mji wa Melbourne, Australia, alilinganisha hospitali zilizotumia oksijeni kwa wingi na zile zilizoitumia kwa kiasi. Penye wingi, watoto 19 hivi kwa mia walipata maradhi. Penye kiasi, 7 hivi kwa mia. Mjini Washington, Arnall Patz na Leroy Hoeck waliwagawa watoto mafungu mawili. Yasimuliwa kwamba baadhi ya wauguzi waliona ni ukatili kumnyima mtoto oksijeni, wakafungua bomba usiku kwa huruma. Hata hivyo matokeo ya mwaka 1952 yalikuwa dhahiri: katika watoto 28 waliopewa oksijeni nyingi, 7 walipatwa na maradhi makali, katika 37 waliopewa kidogo, hata mmoja hakupatwa na maradhi hayo makali.

Ili shaka iondoke kabisa, hospitali 18 za Marekani zilishirikiana kuanzia mwaka 1953 katika jaribio moja la watoto 786. Mwaka 1954 jibu lilitangazwa: oksijeni nyingi ya muda mrefu ndiyo iliyokuwa ikiwapofusha watoto.

Lakini yawezekanaje hewa iletayo uhai idhuru jicho? Mwaka huo huo wa 1954 Rebeca Gerschman, mwanamke wa Argentina aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alieleza pamoja na wenzake kwamba oksijeni ikizidi hudhuru mwili kwa njia inayofanana na ile ya mionzi ya eksirei. Huzaa vipande vikali vya molekuli viitwavyo radikali huru, navyo hushambulia mafuta na protini za seli, kama kutu ilavyo chuma. Mwili una walinzi wa kuvizima, waitwao antioksidanti: vimeng'enya fulani, vitamini E na vinginevyo. Walinzi hao huongezeka katika majuma ya mwisho ya mimba, hivyo njiti huzaliwa kabla jeshi lake halijakamilika. Tena retina, yaani utando upokeao nuru ndani ya jicho, ina mafuta mengi yanayoshambuliwa upesi, na mishipa yake ya damu ingali ikikua. Oksijeni ikizidi, mishipa hiyo husinyaa na kuacha kukua. Baadaye retina yenye njaa huita mishipa mipya, nayo huota ovyo, ikaivuta retina hadi ikabanduka.

Basi oksijeni ikapunguzwa katika hospitali nyingi, na upofu ukapungua sana. Walakini jaribio la mwaka 1953 liliwaingiza watoto baada ya saa 48 tangu kuzaliwa, na waliokufa kabla ya hapo hawakuhesabiwa. Mwaka 1973 tabibu Mwingereza K. W. Cross alikadiria kwamba, kwa kila mtoto mmoja aliyenusurika upofu kwa kunyimwa oksijeni, wengine 16 hivi walikufa. Waliokimbia kosa la kuzidisha walikuwa wameangukia kosa la kupunguza.

Wengine walitumaini kumwongezea mtoto walinzi. Mwaka 1949 William na Ella Owens wa Baltimore walitangaza kwamba vitamini E yaelekea kuzuia maradhi haya, na katika miaka ya 1980 matumaini hayo yalifufuliwa. Lakini dozi kubwa zilionekana kuandamana na maradhi ya matumbo na ya kuambukizwa. Mwaka 1984 dawa moja yenye vitamini E, iliyotiwa katika mishipa ya damu na ambayo haikuwa imejaribiwa ipasavyo, ilihusishwa na vifo vya watoto 38 nchini Marekani. Hata mlinzi, basi, ana kipimo chake.

Siku hizi kifaa kidogo hufungwa mguuni au mkononi mwa mtoto, kikaonyesha kiasi cha oksijeni kilichomo damuni. Majaribio makubwa yaliyotangazwa kuanzia mwaka 2010 yalionyesha kwamba kiasi cha chini kilipunguza maradhi ya macho lakini kikaongeza vifo; kwa hiyo hospitali nyingi hulenga kati ya 90 na 95 kwa mia.

Jambo hili latuhusu sisi pia. Katika Kenya na nchi nyingine za Afrika, watoto njiti wengi zaidi kuliko zamani huokolewa, na maradhi haya yameanza kuonekana kati yao. Penye oksijeni pasipo na kipimo, yaliyotokea Boston na Melbourne yanaweza kutokea tena. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa kabla mno ya miezi yake hapana budi achunguzwe macho na mtaalamu, kwa kawaida anapotimiza majuma manne hivi, wakati ambapo mishipa mibaya ingali ikizuilika kwa mwali wa leza au kwa dawa, kabla retina haijabanduka.